Bi Mize Aandika Anavyosema

Mwaka 1970, uani kwa Bi Mize hapakukosa watu. Bi Mize alikaa Miembeni, huku Ng'ambo, mjini Zanzibar, pamoja na mumewe Machano, fundi seremala. Kila siku baada ya Magharibi majirani walikuja na miyaa yao, majani makavu ya kusukia. Walikaa kwenye jamvi, wakasuka ukili, zile kanda ndefu za kushonea mikeka. Mikono ya Bi Mize ilisuka, na mdomo wake ulitoa hadithi.

"Paukwa," alisema.

"Pakawa," walijibu wote.

Basi hapo mtu aliyekuja kuomba chumvi aliisahau chumvi. Mimi ni jirani yake, na nimepata kuunguza wali kwa ajili ya hadithi zake. Sikujuta.

Lakini mtu mmoja hakuwahi kuzisikia hadithi hizo. Huyo alikuwa Nunu, mjukuu wake. Kidawa, binti yake Bi Mize, aliolewa Wete, kisiwani Pemba. Nunu alizaliwa huko na sasa alikuwa na miaka mitano. Baba yake Nunu alikuwa dereva wa lori na likizo hapati. Bi Mize naye miguu ilimvimba, safari ya meli haiwezi. Bibi na mjukuu hawajaonana.

"Mjukuu wangu ananijua kwa salamu tu," Bi Mize alimwambia mumewe asubuhi moja. "'Bibi anakusalimu.' Bibi gani? Hata ninavyosema hajui. Nikifa leo, kwake litakuwa limekufa jina tu."

"Usijitabirie kufa na chai hatujanywa," alisema Machano. "Si unajua kuandika sasa? Mwandikie hizo hadithi, Kidawa amsomee."

Machano alisema kweli. Bi Mize alikuwa amemaliza darasa la watu wazima. Hati yake ilikuwa kubwa kama ya mtoto, lakini ilisomeka. Akanunua daftari na kalamu.

Kazi ikawa ngumu. Bi Mize aliandika baada ya Isha tu, watu wakishaondoka. Wazee walimfundisha kuwa anayehadithia mchana huota mkia. Na saa hizo alikuwa amechoka. Kibatari kilitoa moshi, macho yakauma, usingizi ukaja. Alichukua muda mrefu kumaliza hadithi moja ya kuku. Akaipeleka posta.

Baada ya wiki kadhaa Kidawa alijibu. Aliandika hivi: "Mama, nimemsomea Nunu hadithi yako. Alikaa kimya, akaniuliza hadithi itaanza lini. Nami nilikuwa nimeshamaliza."

Bi Mize aliisoma barua ile, akaikunja. Ilimuuma. Siku ile hakutoa hadithi kwa mtu yeyote. Alisema kichwa kinamgonga.

Nyumba ya pili alikaa Badriya, mwanamke wa makamo ya binti yake Bi Mize. Badriya alikuwa akiandika michezo ya kuigiza ya redio. Alipoona uani kumenyamaza, alikuja asubuhi kuuliza hali.

"Hodi hapa."

"Karibu."

"Shikamoo, Bi Mize."

"Marahaba, mwanangu. Kaa kitako."

Bi Mize alimweleza yote, akampa nakala ya hadithi. Badriya akasoma kwa sauti:

"Ama baad, mjukuu wangu mpenzi, nina furaha kukuarifu kwamba hapo zamani palikuwa na kuku mmoja mwenye tabia njema. Kuku huyo alipatwa na matatizo lakini aliyatatua. Mafunzo ya hadithi hii ni kwamba mtoto awe na busara na awatii wazee wake. Wasalaam."

Badriya aliiweka karatasi chini. "Hadithi hii nshawahi kukusikia ukiitoa, Bi Mize. Nilicheka mpaka mbavu zikaniuma. Hebu nihadithie tena."

"Saa hizi? Unataka niote mkia?"

"Mie naandika kila asubuhi. Nitazame, mkia upo?"

Bi Mize alimtazama nyuma hasa, kisha akacheka.

"Neno hilo wazee walikuwa na maana nalo," alisema Badriya. "Watu wakianza hadithi asubuhi, nani atakwenda kondeni? Lakini kwako wewe kuandika hadithi ndiyo kazi yenyewe. Na kazi hufanywa mtu akiwa na nguvu zake. Haya, sema."

Bi Mize alishusha sauti, kama mtu anayeiba.

"Basi kuku alisikia mchele unapimwa. Si kibaba, pishi nzima. Akajiambia, leo kuna mgeni. Na mgeni hali wali mtupu."

Nje, karibu na dirisha, Machano alikuwa akipiga randa ubao. Randa ikanyamaza.

"Ehe?" alisema Machano kutoka nje.

Badriya akacheka. "Umesikia? Bwana Machano kaacha kazi. Hapo ndipo hadithi inapoanza. Anzia hapo, kuku anaposikia mchele. Shida imeshaingia mlangoni, na msomaji anataka kujua kuku atafanyaje."

"Lakini hayo si maneno ya karatasi," alisema Bi Mize. "Kwenye karatasi mtu husema kwa heshima. Ama baad, nina furaha kukuarifu."

"Ukiomba kazi serikalini, sawa. Nunu hakuajiri, Bi Mize. Andika unavyosema."

Bi Mize aliiokota karatasi. "Na mafunzo je? Hadithi bila mafunzo ina faida gani?"

"Mafunzo yamo ndani. Mtoto atayaokota mwenyewe. Ukimtafunia, hasikii ladha. Lakini lipo jambo moja gumu. Ukihadithia, ukifika pahala kuku anapokiona kisu, unafanyaje?"

Bi Mize aliyatoa macho, akakunja shingo, akabana mikono kama mbawa. Badriya akacheka tena.

"Sasa, Wete macho yako hayapo. Shingo yako haipo. Karatasi imepeleka maneno tu. Kwa hiyo yale unayofanya kwa macho na mikono, lazima uyaandike. Usiseme kuku aliogopa. Sema kuku alifanya nini."

"Kuku alijibana nyuma ya kinu," alisema Bi Mize pole pole, "akaziba mdomo kwa ubawa, asije akalia bila ya kukusudia."

"Ehe?" alisema Machano dirishani.

"Nenda kapige randa, baba," alisema Bi Mize. Lakini alifurahi, na uso wake ulionyesha.

Kabla ya kuondoka, Badriya aliuliza, "Mkeka mmoja unausuka siku ngapi?"

"Siku? Mkeka hausukwi siku moja, mwanangu. Leo ukili kidogo, kesho kidogo. Ukitosha, unashona."

"Na hadithi ndivyo. Andika kidogo kila asubuhi. Usingoje moyo upende. Ikiwa mbaya, iache hivyo hivyo, kesho utaitengeneza. Halafu msomee Bwana Machano. Akisema 'ehe', umempata. Akiuliza chai, umempoteza. Pahala hapo pakate."

Tangu siku ile Bi Mize aliandika asubuhi. Akishafagia ua, alikaa kwenye kibao cha mbuzi ya nazi, daftari likiwa mapajani. Asubuhi nyengine aliandika ukurasa. Asubuhi nyengine aliandika mstari mmoja na kuufuta. Siku ya foleni ya unga aliandika akiwa kwenye foleni, na wanawake wenzake walichungulia juu ya bega lake. Mimi nilikuwa mmoja wao.

Hadithi ilipokwisha, alimsomea Machano. Kuku alisikia mchele, Machano akasema ehe. Kuku alijibana nyuma ya kinu, Machano akasema ehe. Kisha Bi Mize akasoma habari za ukoo wa kuku. Mama yake alikuwa wa rangi gani, bibi yake alinunuliwa soko lipi, na nani alimpa nani yai.

"Chai ipo?" aliuliza Machano.

Bi Mize alinuna. Pahala pale palimpendeza kuliko pote, na alipata tabu kupaandika. Alinuna mpaka baada ya Alasiri. Kisha alichukua kalamu, akaufuta ukoo wote wa kuku. Aliposoma tena peke yake, aliona kuku sasa anakwenda mbio, hajikwai.

Mwisho wa hadithi ulikuwa huu. Kuku alikosa pa kwenda, akaingia ndani ya kapu la mgeni mwenyewe. Wenyeji walitafuta kuku mpaka wakachoka. Mgeni akala wali kwa mchuzi wa papa, akashukuru, akabeba kapu lake. Njiani alishangaa kwa nini kapu limekuwa zito, na kwa nini linakohoa.

Machano alicheka mpaka akakaa chini. Chai hakuiuliza.

Bi Mize hakuongeza mafunzo. Mkono ulimwasha, lakini hakuongeza. Akaipeleka posta.

Jibu la Kidawa halikuchelewa. "Mama, nimeisoma hadithi mpaka karatasi imeanza kuchanika. Nunu anataka kujua mgeni alipofungua kapu alisema nini. Nami sijui. Tafadhali andika upesi, hanipi raha."

Bi Mize akaandika. Akaandika na nyengine, na nyengine tena. Nyengine zilikuwa nzuri, nyengine za hivi hivi, na zote alimsomea Machano kwanza. Wanawake wawili wa foleni, mimi mmoja wao, tukaanza madaftari yetu. Badriya akawa anakuja Ijumaa kutusikiliza. Kila mmoja alisoma, na wengine walisema ehe, au walinyamaza. Tulijifunza kuogopa kunyamaziwa kuliko kusemwa.

Mwaka uliofuata, karibu na Idi, baba yake Nunu akapata likizo. Machano akaenda bandarini kuwapokea. Bi Mize alibaki jikoni. Alikuwa amevaa kanga mpya. Alimenya vitunguu akamenya hata visivyohitajika.

Meli ilifika mapema kuliko alivyodhani. Wageni waliingia ukumbini, na Bi Mize hakuwasikia. Nyumba ilijaa jamaa, kila mtu akitaka kumbeba Nunu. Nunu aliogopa. Alimkataa shangazi wa mama yake. Alimkataa babu yake, na tende za babu alizikataa. Alijificha ndani ya buibui la mama yake, akaanza kulia.

"Ngojea aje bibi yako," alisema Kidawa. Lakini alikuwa na hofu moyoni. Bibi naye alikuwa mgeni kwa mtoto huyu.

Hapo ikasikika sauti kutoka jikoni.

"Wee paka, nakuona. Usijitie unaswali hapo, na jicho liko kwa nguru."

Nunu alinyamaza. Akatoa kichwa nje ya buibui.

"Mama," alisema, "ndiye."

"Ndiye nani?"

"Anayesema kwenye karatasi."

Hadithi zote Nunu alisomewa na Kidawa, kwa sauti ya Kidawa. Lakini maneno aliyajua ni ya nani. Aliliachia buibui la mama yake. Alipita katikati ya jamaa wote bila ya kumtazama mtu, akasimama kwenye mlango wa jiko.

Bi Mize aligeuka, kisu mkononi. Alikiweka chini. Machozi yalimtoka, na si ya vitunguu.

"Njoo, mwanangu," alisema.

Nunu akenda.