Nani Atamshika Mwanaidi?

Zuleha hakuweza kutulia. Alimimina unga wa vitumbua kikaangoni, akauacha, akakimbilia ndani kumsikiliza mwanawe. Vitumbua vikaungua. Mwaka ule wa 1979 sukari ilikuwa ya kupigania, hata pale Nyasubi, mjini Kahama. Lakini Zuleha hakuvitazama mara mbili.

Mwanaidi, binti yake wa miaka miwili, alikuwa ametoka kuugua surua. Vipele vilikwisha, watu wakashukuru. Kisha homa ikarudi na kikohozi. Sasa mtoto alihema mbiombio, na mbavu zilizama kila alipovuta pumzi.

Jirani yao, Mama Abdu, alijua dawa ya kila ugonjwa, hasa wa watu wengine.

"Mpeleke akapigwe picha ya kifua," alisema. "Ile picha inachoma ugonjwa. Abdu wangu alipigwa, akapona. Wakikupa moja, omba na ya pili."

Zuleha alikuwa na siri. Alikuwa na mimba changa. Hata mumewe Hatibu, muuza nguo sokoni, hakuwa ameambiwa. Mimba mbili za nyuma ziliharibika, na zote mtaa mzima ulikuwa umeshazijua. Kwao alifunzwa kwamba mimba changa haitajwi, maana macho ya watu ni mabaya. Safari hii aliapa kunyamaza mpaka tumbo lijiseme lenyewe.

Wakaenda hospitali, Hatibu akiwa amembeba mtoto, na Mama Abdu nyuma. Daktari alimpima Mwanaidi kifua. Akataka picha moja, aone mapafu yameshikwa kiasi gani. Barazani walikuta foleni. Mpiga picha, mzee Mabula, alitoa kichwa mlangoni akauliza kwa sauti, kama desturi yake:

"Kuna mama mwenye mimba hapa?"

Mama Abdu aligeuza shingo upesi. Zuleha akatazama chini. Wahenga walisema mficha uchi hazai, lakini wao hawakuketi benchi moja na Mama Abdu.

Zamu yao ilipofika, Zuleha aliingia na mtoto. Mabula alimweleza kwamba yeye mama ndiye atakayemshika mtoto, asicheze. Mtoto akicheza, picha inaharibika, na kuirudia ni kumwongezea mionzi bure. Kisha akachukua vazi jeusi, akaanza kumvika Zuleha. Lilimlemea mabega.

"Mbona zito hivi, baba?"

"Ndani lina madini ya risasi. Mashine hii inatoa mionzi. Huioni wala huisikii, lakini inapita mwilini. Picha moja ya kifua ina mionzi kidogo tu, na mtoto wako anaihitaji. Asiyeihitaji tunamkinga. Na mtoto aliye tumboni hatumleti karibu kabisa."

Zuleha aliogopa. Nje kulikuwa na Mama Abdu, ndani kulikuwa na mashine. Mimba hii ikitoka, atamlaumu nani? Macho ya jirani, au mdomo wake mwenyewe?

"Baba," alisema, "mimi ni mjamzito."

Mabula alimvua lile vazi. Hakumkaripia.

"Kosa ni langu, ng'wana wane, mwanangu. Jambo kama hili haliulizwi barazani. Mwite baba yake."

Hatibu alishangaa. Tangu lini mwanamume akashika mtoto hospitalini, tena mbele ya wenzake? Zuleha alimvuta pembeni, akamnong'oneza. Hatibu akamtazama tumboni. Kisha akaingia, akavaa lile vazi, akamshika Mwanaidi. Zuleha akangoja nje. Picha ikapigwa mara moja tu.

Daktari aliitazama kwenye taa. Mapafu yalikuwa na mabaka meupe. Akasema ni nimonia, imefuata surua. Zuleha akaomba picha ya pili, ili ugonjwa uungue vizuri.

"Picha haichomi ugonjwa, mama," alisema daktari. "Inatuonyesha tu. Virusi vya surua havina dawa ya kuviua, mwili wenyewe unapigana navyo. Sindano nitakazompa ni za vijidudu vingine, vinavyoingia kifuani mtoto akiwa dhaifu. Mpe maji na uji kidogo kidogo. Tutamtazama anavyohema. Akiendelea vizuri, picha nyingine ya nini?"

Mabula alikuwa amemdokeza, kwa hiyo akamwambia pia kwamba mimba haimnyimi mtu matibabu. Mjamzito akiugua na picha ikahitajika, atapigwa, tena kwa kukingwa. Kinachotakiwa ni kusema.

Mwanaidi akalazwa, na wodini Zuleha alihangaika. Mtoto akikohoa, alishtuka. Mtoto akinyamaza, alishtuka zaidi. Mara nyingi alitamani kukimbilia tena kwa Mabula. Lakini homa ilishuka, mbavu zikatulia, na asubuhi moja Mwanaidi akaomba kitumbua. Zuleha akalia kwa furaha.

Mama Abdu aliijua mimba ile muda si mrefu, na mtaa ukaijua. Mimba ikakua, akazaliwa Maulidi.

Zuleha alipompeleka Maulidi chanjo, alipita penye baraza la picha. Mabula hakuuliza tena kwa sauti. Aliita mama mmoja mmoja, akafunga mlango, ndipo akauliza. Benchini alikaa msichana aliyeolewa juzijuzi, ameshika khanga yake tumboni kwa mikono miwili. Zuleha akaketi kando yake.

"Ukiingia, mwambie," alimnong'oneza. Akamfunua Maulidi uso. "Mimi nilimwambia, na huyu hapa."