Shashi Yenye Harufu ya Udi

Tunatangaza kwa heshima zote, mbele ya madaktari bingwa na wazee wavaao miwani, kwamba mwaka 1988 ulianza mjini Ibra, Omani, utafiti mkubwa wa kutafuta kwa nini vidonda vya waliopasuliwa mishipa ya damu huingia usaha. Ulianza kwa mtafiti kupigwa ungo wa kichwa.

Daktari Khalaf, kanzu nyeupe, kitabu kwapani, alikuwa ametoka Nizwa na kuingia soko la Jumatano bila kujua kuwa ni la wanawake watupu.

“We baba, huna haya?” akafoka muuzaji mmoja, ungo mkononi.

“Namtafuta nesi Ghalia!”

Msichana mwenye ushungi wa rangi ya zafarani akacheka mpaka akashika ukuta. “Umempata. Na ungo umekupata. Toka nje, daktari, kabla hujawa mgonjwa wangu.”

Tangu hapo, kila alasiri, Khalaf alimpigia simu kutoka Nizwa. Ghalia ndiye aliyewazungukia wagonjwa majumbani akiwasafisha vidonda.

“Wagonjwa wetu je?”

“Wote wamekauka, ila bibi yako.”

Bibi Turkiya, aliyemlea Khalaf mpaka alipopelekwa shule ya bweni, alikuwa amepasuliwa mshipa wa mguu, na kidonda kilikuwa kinenani. Mjukuu asingeonyeshwa pahala pale hata kwa amri ya serikali. Aliyeruhusiwa ni Ghalia peke yake.

“Na wewe hujambo?”

“Mimi sina kidonda.”

“Mimi ninacho. Hapa kifuani.”

“Kioshe kwa maji ya chumvi, habibi, kisha unyamaze.”

Simu ikikatika, Khalaf hubaki na mkono wa simu sikioni, akisikiliza mlio mtupu kama mtu asikilizaye taarabu.

Siku moja Ghalia akampelekea mfuko uliofungwa: shashi iliyotoka kwenye kidonda cha Bibi, ipimwe. Khalaf akaufungua. Ikamjia harufu ya udi, udi mzito wenye waridi. Nani hujifukiza hivyo, ila mwanamke aliyekwisha kuposwa?

“Unakwenda kufunga vidonda umejifukiza kama biharusi?” alifoka kwenye simu. “Basi usaha umetoka mikononi mwako!”

“Ahsante, daktari,” akasema Ghalia. Hakusema habibi. Akakata, na wiki ile ile akaomba uhamisho kwenda Sur.

Alasiri zikawa ndefu Nizwa. Khalaf aliinua simu, akairudisha. Mkasi ukidondoka kwenye sinia, alisikia kicheko cha Ghalia. Mwisho akawasha gari, huyo hadi Ibra, akijidanganya kuwa anakwenda kumjulia hali Bibi.

“Shikamoo, Bibi.”

“Marahaba. Pisha, usiniangushie tenga langu.”

Tenga lilifunika chetezo chenye makaa. Juu yake, badala ya kanga, zilitandazwa shashi mpya za hospitali, zikifuka moshi. Udi mzito wenye waridi.

“Bibi! Shashi hizi zimesafishwa kiwandani, hazishikwi kwa mkono mtupu!”

“Zanuka spitali. Wageni waje wanikute nanuka dawa, mimi, Turkiya? Ghalia akishatoka nabandua yake, naweka yangu. Alinigombeza, nikamwapisha asinitangaze.”

Khalaf alimkuta Ghalia mlangoni kwao, sanduku mkononi, kaka yake Marhoun akipiga honi.

“Kwa nini hukuniambia?”

“Nimseme bibi yako kwenye simu, opereta anasikiliza? Na nilikwisha kuapa. Nikakuletea shashi uinuse mwenyewe. Nilidhani mtu hasahau harufu ya kwao.”

Khalaf, aliyekulia mabwenini asiijue tena harufu hiyo, akalishika sanduku. “Nisamehe. Usiende. Nikuoe.”

“Nitakwenda. Ukinitaka, aje Bibi Turkiya mwenyewe Sur kuniposa. Kwa miguu yake, kidonda kimekwisha kufunga.”

Wiki iliyofuata Bibi akashuka garini Sur bila fimbo, akapiga hodi, akaposa, akakubaliwa. Vigelegele!

Naona daktari mmoja miongoni mwa wasomaji ananyanyua nyusi: kidonda cha namna ile hakifungi kwa wiki. Haya, nimekamatwa. Bibi alikwenda kweli, lakini ilikuwa baada ya miezi, na kila alasiri ya miezi hiyo simu ililia Sur.

“Kimefunga?” huuliza Ghalia.

“Bado, habibti.”

“Basi nasubiri.”

Niliiruka miezi hiyo. Wao waliweza kuivumilia. Mimi hata kuiandika siwezi.