Jina la Igihozo Katika Filamu ya Kitamil

Pikipiki mbili ziligongana Birere, mtaa wa Goma, na madereva wakaanza kupigana kwa kofia zao za chuma. Igihozo, kitenge chake cha njano kikibanwa na umati, alimsikia kijana pembeni akisimulia ugomvi ule kama filamu. Akacheka bila kutaka. Jiwe liliporushwa likimwelekea Igihozo, kijana alilizuia kwa mkono. Damu ikamwagika. Igihozo akavua kitambaa cha kichwa akamfunga.

"Mukono inauma?"

"Sana. Unipatie namba yako, itapona."

Aliitwa Rodrigue. Katika chumba cha Adalbert, bosi wake, filamu za Kitamil zilichotwa mtandaoni bila ruhusa, naye Rodrigue akazisimulia kwa Kiswahili, kisha zikauzwa kwenye flashi. Kila siku saa sita mchana alimpigia Igihozo simu, akimwita sheri, yaani mpenzi.

"Sheri, umekula?"

"Nimekula. Weye umeua watu ngapi leo mu filamu?"

"Makumi ine. Na chai sijakunywa."

Kama desturi ya wasimulizi, Rodrigue aliwapa wahusika majina ya Goma. Katika filamu moja mpya alimwita shujaa wa kike Igihozo, akampelekea mpenzi wake flashi.

Igihozo aliuza vitenge katika duka la Muzee Selvam, Mtamil wa Chennai, India. Kwa furaha akaifungua pale dukani. Muzee akasimama ghafla. Filamu ile ilikuwa ya mdogo wake, aliyeuza nyumba ya baba yao ili aitengeneze, na majumba ya sinema yangeanza kuionyesha siku mbili baadaye. Akapiga simu kwao. Mdogo wake alikuwa ameshajua: imevuja dunia nzima, na majumba yanaghairi kuionyesha. Muzee hakumgombeza mtu. Alikaa juu ya marobota akalia.

Igihozo akampigia Rodrigue.

"Jina langu umelitia mu kitu ya wizi."

"Sheri, bale ni batajiri."

"Mutajiri iko mbele yangu, analia."

Akakata. Wiki mbili alisali, wala hakupokea simu.

Rodrigue naye hakulala. Asubuhi moja akaingia kwa Adalbert, akasema ameacha, akaanza kuifuta filamu ile kwenye kompyuta. Adalbert akaita wanaume wawili. Walimvunja taya kwa nondo, wakamkanyaga vidole, wakamtupa nje juu ya mawe ya volkano. Wauzaji wa flashi wakakimbia kumwita Igihozo. Alimkuta Rodrigue akitema meno, akamlalia kifudifudi amkinge.

"Mama, ondoka, ao utapata na weye," Adalbert alisema.

Igihozo akalitaja jina la Yesu, hakuondoka. Nondo ikamshukia begani, mfupa ukalia. Ndipo umati uliokusanyika ukamwangukia Adalbert, wakampiga hadi akatambaa.

Hospitalini, taya la Rodrigue lilifungwa kwa waya.

"Ulifuta yote?" Igihozo aliuliza, mkono wake ukining'inia shingoni kwa bendeji.

Rodrigue akakataa kwa kichwa. Flashi zilikuwa zimeshafika hadi mji wa Rutshuru. Machozi yakamtoka Igihozo. Nyumba ile ya Chennai haingerudi.

"Basi sikia. Ukipona, kwanza utaenda kumuomba Muzee Selvam musamaha, ao akupokee ao akufukuze. Kisha ulete posa kwa papa wangu. Nitakubali."

Rodrigue aliitikia kwa kichwa, polepole, ingawa kila kutikisika kulimchoma hadi masikioni.