Kikohozi Katikati ya Kilio

Bibiana alikuwa akichekecha unga wa muhogo uani, pale Mnyambe, alipomsikia mwanawe akilia chumbani. Kilio hakikumshtua. Kilichomshtua ni kikohozi. Jana, mganga Mwanakombo alipotangaza mbele ya watu kwamba jini limetoka, Bartholomayo alilia hivi hivi, akakohoa mara mbili, akasema, "Nisameheni, sikuwa mimi." Sasa yuko peke yake, amekohoa mara mbili. Akanyamaza. Akaanza upya.

Ilikuwa miaka ile mitumba ilipoanza kumiminika Newala. Bartholomayo alikuwa amefungwa kwa kumbaka mke wa jirani, akatoka, akarudia kwa mwingine, akafungwa tena. Bibiana alishikilia kuwa ni jini. Mama gani angesema vingine? Lakini jana, kabla ya kutangaza, Mwanakombo alipofukiza ubani na kupiga ngoma, alimvuta pembeni akamnong'oneza, "Mama Bartholomayo, humu sioni kitu."

"Sema tu limetoka," Bibiana alimsihi, amepiga magoti. "Wampokee mwanangu."

Basi sasa Bibiana alichungulia chumbani. Bartholomayo alisimama mbele ya kioo, shati la mtumba limefungwa hadi shingoni, machozi yanamtiririka, na macho yenyewe yametulia kama ya mtu anayenyoa ndevu.

"Mama," alisema bila kugeuka, "leo je? Si imekaa vizuri kuliko jana?"

Nje, Julia, mke wa Alfredi, mdogo wake Bartholomayo, alikuwa amesimama na mumewe, tayari na kikapu cha kuokotea korosho. Bartholomayo, shemeji yake, alikuwa ameomba kumsaidia shambani.

"Julia, usiende naye!" Bibiana alimkimbilia. "Hakuwa na jini! Hajawahi kuwa nalo!"

"Mama," Julia alisema kwa sauti ndogo, "si wewe uliyetuapia amepona?"

Bartholomayo akatokea mlangoni, analia. "Alfredi, mdogo wangu, mshike mama. Limehamia kwake."

Alfredi akamshika mama yake, naye akapiga kelele, na majirani wakaja na makaa na ubani, wakamfunika kaniki, moshi ukamjaa kooni, na kila alipolitaja jina la Julia walitikisa vichwa wakasema jini linamtaka Julia, wakamkaza zaidi, hata akaishiwa sauti.

Chini ya kaniki alisikia nyayo zikielekea shambani.

"Pole, shemeji," Julia alikuwa akisema. "Usilie."

Kisha kikohozi, mara mbili.