Jumapili Ile Mtaani Kulikuwa na Gari Moja Tu

Wasomaji wenzangu, nina miaka ishirini na saba, mama wa mtoto mmoja, mkazi wa Gongo la Mboto. Naandika haya machozi yakinitoka... lakini bora niyaseme kuliko yaniue!

Mume wangu ni dereva wa kiwanda kimoja cha Barabara ya Pugu. Tulipanga chumba Mwananyamala, jirani na hospitali, tukiishi vizuri tu. Mwaka jana akaanza kulalamika: kodi imepanda, sukari haionekani, basi la kwenda kazini ni la kugombania. Akasema tuhamie Gongo la Mboto, vyumba ni rahisi, kiwanda kiko karibu, na nitapata mahali pa kulima mihogo. Mimi nani nimkatalie? Nilifunga virago huku nikijigamba kwa wenzangu kuwa nimepata mume mwenye akili!

Kumbe...

Mnajua ilivyo Jumapili mchana siku hizi. Petroli ni ya shida, hivyo magari ya watu binafsi hayaruhusiwi barabarani bila kibali. Mume wangu alikuwa nacho. Kila Jumapili alichukua Landrova ya kiwanda, akidai anampeleka mhandisi kukagua mitambo. Na shati la kwendea huko nilimpigia pasi mimi!

Jumapili moja binti yetu, Rehema, alishikwa na homa, mara degedege. Jirani mwenye gari aliogopa kukamatwa. Basi halikuja. Nililia kituoni mpaka askari wa lori la jeshi wakanionea huruma, wakanishusha Magomeni. Kutoka hapo nilikwenda kwa miguu, mtoto mgongoni, mpaka Mwananyamala, hospitali niliyoizoea.

Walimpokea. Muuguzi akaniambia nitafute shuka, nami nikakimbilia nyumba yetu ya zamani nikaazime kwa mama mwenye nyumba. Mtaa mzima haukuwa na gari hata moja... isipokuwa Landrova ya kiwanda, imeegeshwa mlangoni! Siku nyingine, katikati ya magari mengine, labda ningeipita tu.

Nilibisha hodi kwenye chumba chetu cha zamani. Akafungua mume wangu, kavaa msuli! Nyuma yake mwanamke anapakua wali. Na kitanda ni kile kile chetu alichoniambia amekiuza tulipohama.

Mnajua alisema nini? Hakuuliza mtoto yuko wapi. Alinikodolea macho akasema, "Mama Rehema! Jumapili hii umefikaje huku?"

Rehema alipona, lakini hasikii tena. Daktari alisema angewahishwa, pengine... Sasa nikimtaka namgusa bega. Baba yake anatuma wazee waniombe radhi. Nimsamehe vipi, wakati gari lilikuwepo, kibali kilikuwepo, na dereva ndiye baba mzazi?

Dada zangu, maisha yamekuwa ghali kwetu sote, na kuhama si aibu. Lakini nawasihi, mume akikwambia mjini hapakaliki, kabla hujajitwika godoro hakikisha kwanza kwamba na yeye anahama.