Mfumasauti wa Mbaruku

"Leo nimepata mchicha," alisema Mbaruku, huku akikatakata majani ubaoni.

"Mchicha wa huku hauna ladha," akajibu mkewe. "Nimeutia chumvi, nimeutia ndimu ya unga, wapi! Unakula maji ya kijani."

"Na tui?"

"Tui tunaliota tu, mume wangu."

Mbaruku akacheka mpaka akakiweka kisu chini. Mpita njia angedhani mume na mke wanapika chakula cha mchana, lakini jikoni mle alikuwamo mtu mmoja tu. Mwanakheri, mkewe, alikuwa Mirihi mwaka wa saba sasa, akilima mboga chini ya kuba la kioo. Sauti yake ilitoka kwenye kisanduku kilichokaa juu ya jokofu, kimefungwa kwa kipande cha mpira wa baiskeli ili kisitetemeke. Mbaruku alikiita mfumasauti, na alikiunda kwa mikono yake mwenyewe.

Sababu ya kukiunda ilikuwa umbali. Hata kwa kasi ya mwanga, neno lililotamkwa Tanga huchukua dakika nyingi kufika Mirihi, na jibu huchukua nyingine nyingi kurudi. Huwezi kuongea na mtu hivyo. Isitoshe, njia ya mawimbi ilikuwa na msongamano, kwa hiyo kila nyumba yenye jamaa Mirihi iligawiwa kifurushi kimoja cha sauti kila Ijumaa, dakika nne za kutuma na dakika nne za kupokea. Unasema yako yote kwa mkupuo, unatuma, unakaa wiki nzima kungoja. Jamaa wengi wa watu wa Mirihi waliizoea hali hiyo.

Mbaruku hakuwa mtu wa kukizoea kitu kama kilivyotoka dukani. Mchana alikuwa bandarini, akikagua mikono-chuma inayopakua makontena bila ya mtu kuigusa. Jioni alirudi nyumbani, mtaa wa Chumbageni, akafungua kila chenye skrubu. Alikuwa na birika lililopiga mluzi wa taarabu maji yakichemka, na feni iliyomfuata mgeni chumba hadi chumba, atake asitake. Mlango wa mbele aliufunza kutambua sauti za watu, ukamtambua kila mtu mtaani isipokuwa Kidawa, mdogo wake Mwanakheri. Katika nyumba hiyo mtu hakuwasha taa kabla ya kuuliza.

Lakini mfumasauti haukuwa mchezo. Madukani siku hizo waliuza visemeshi, vijisanduku vinavyoiga sauti ya mtu aliye mbali au aliyekufa na kumsemesha lolote unalotaka kusikia. Mbaruku alivichukia. Mfumasauti haukumbunia Mwanakheri maneno. Ulichukua kifurushi chake cha Ijumaa, ukakikata vipande, mchicha mbali, kazi mbali, vumbi jekundu mbali, kisha ukangoja. Mbaruku akigusa jambo, mashine ilimletea kipande kinachohusika, maneno yaleyale ya mkewe, na pumzi yake na kikohozi chake kidogo. Dakika nne zikawa mazungumzo ya wiki nzima.

Alimtamani mkewe, tuseme tu hivyo. Alimtamani alipokula peke yake na alipokunja shuka peke yake. Mwanakheri aliondoka kwa mkataba wa miaka miwili, akauongeza mwenyewe, akauongeza tena. Mbaruku hakumwuliza atarudi lini. Aliona haya kumbembeleza mtu mzima aliyekwenda kwa hiari yake. Akitaka kurudi atasema, alijiambia, na kila Ijumaa alitega masikio.

Mashine ilikuwa na kasoro moja tu, salamu. Mwanakheri alianza kila kifurushi kama anavyoanza mtu yeyote aliyelelewa vizuri: hujambo, habari za huko, za nyumbani, za kazi, majirani hawajambo, nami huku ni mzima. Salamu hizo zilikuwa hazikatiki vizuri. Mbaruku akiwa katikati ya kukuna nazi, mfumasauti ulimrushia "Habari za majirani?" Akiamka akasalimia, alijibiwa na kusalimiwa upya mara tatu mfululizo, utadhani wamekutana msibani.

Basi Jumamosi moja akachukua bisibisi, akakifungua kisanduku, akakipa amri mpya. Kila kifurushi kikifika, kisanduku kitupe mwanzo wote wa salamu mpaka habari zenyewe zianze. Mtu akisalimia, kijibu chenyewe: hujambo, sijambo, habari, nzuri. Hayo tu ndiyo maneno ambayo mfumasauti ulimsemea Mwanakheri. Kilichotupwa kilifutwa moja kwa moja, kwa sababu kumbukumbu ya kisanduku ilitoka kwenye mashine kuukuu ya kufulia na haikuwa na nafasi ya kuweka takataka.

"Salamu ni zilezile," alisema akikaza skrubu ya mwisho.

Mazungumzo yakawa laini kama alivyotaka. Wiki zikapita, Mbaruku akapika, akacheka, akamtumia mkewe habari za birika na feni.

Jumapili moja, baada ya alasiri, sauti ikasikika nje.

"Hodi!"

"Taja jina lako," ukasema mlango.

"Kidawa! Mimi ni Kidawa! Shemeji, hebu uambie huu mlango wako, nitazeekea hapa nje!"

Mbaruku akaenda kumfungulia mwenyewe. Kidawa akaingia, mtandio umemwanguka mabegani. Feni ikaanza kumfuata. Hakuketi.

"Shemeji, mimi sikuja kukaa. Nimekuja kukuuliza jambo moja. Umeoa?"

"Nimeoa? Si nimemwoa dadako!"

"Nauliza mwingine. Kama yupo sema, nimpelekee dada habari iliyonyooka. Usimfanyie mtu hivyo."

"Kidawa, mimi sikuelewi. Nimemfanyia nini?"

"Dada kakuuliza mara tatu. Ijumaa tatu. Mara zote tatu umemruka."

"Kaniuliza nini?"

Kidawa akamtazama kwa hasira, kisha hasira ikaanza kumpungua, maana uso wa Mbaruku haukuwa wa mtu anayeficha.

"Kila akikusalimu," akasema polepole. "Kaniambia mwenyewe, kwenye kifurushi changu. Kakwambia, 'Nami huku nzuri, ila chombo cha kurudi kinaondoka, na nafasi ninayo. Nimekaa sana, najua. Kama bado wanitaka hapo nyumbani, niambie nije.' Nawe wamjibu habari za birika!"

Mbaruku akakitazama kisanduku juu ya jokofu.

Hakuhitaji kuelezwa zaidi. Alikulia Tanga, alijua jambo zito linavyosemwa. Halianzi lenyewe. Kwanza unasalimiwa, unajibu nzuri, hata kama nyumba imeungua, ndipo unaweka ile "ila" yako. Nzuri, ila mtoto ana homa. Nzuri, ila tumefiwa. Kifo cha mama yake mwenyewe alipewa hivyo, "Nzuri tu, baba, ila njoo nyumbani." Na mwenye haya zake akishauliza, habembelezi. Ukiliruka swali lake umekwisha mjibu, na jibu lenyewe ni hapana. Haya yote Mbaruku aliyajua tangu utoto, akayasahau aliposhika bisibisi.

Alikishusha kisanduku, akakifungua kifuniko, akapekua kumbukumbu yote. Hamkuwa na kitu. Akakisemesha kama mtu aliyepungukiwa akili.

"Mwanakheri, ulisemaje kuhusu kurudi?"

"Mchicha wa huku hauna ladha," kikajibu.

"Mwanakheri!"

"Sijambo. Habari ni nzuri."

Kidawa akaziba mdomo kwa mtandio. Sasa alielewa, na akaketi.

"Nitatuma Ijumaa," Mbaruku akasema. "Nitamwambia aje. Nitamwambia aje leo hii!"

"Chombo kimeondoka Alhamisi, shemeji." Kidawa alisema kwa upole ambao hakuingia nao. "Nafasi yake kampa binti mmoja wa Lushoto, mjamzito."

Wote wawili walijua maana yake. Chombo cha kurudi huondoka sayari mbili zinaposogeleana, na hilo hutokea kila baada ya miaka miwili na zaidi. Waganga wa Mirihi walikwisha kusema kwamba mifupa iliyozoea wepesi wa kule kwa muda mrefu kiasi hicho haitauhimili tena uzito wa dunia. Aliyebaki safari hii amebaki moja kwa moja. Mbaruku akalia mbele ya shemeji yake bila kugeuza uso.

Ijumaa alituma dakika nne za kuomba radhi. Hakukumbuka alichosema, ila kwamba alieleza habari ya kisanduku na akarudia mara nyingi, "Nilikuwa nakutaka kila siku."

Jibu lilipofika Ijumaa iliyofuata, alilipokea kwa redio ya kawaida, bila mfumasauti. Kidawa alikuwapo, amesimama mlangoni.

"Assalaam alaykum, mume wangu," ilisema sauti. "Hujambo? Habari za nyumbani? Kidawa hajambo? Majirani? Nami huku nzuri, ila nililia, Mbaruku. Nililia siku nzima, sikwenda bustanini. Kisha nikasikia habari ya hicho kisanduku chako nikacheka peke yangu, watu wakanishangaa. Nilikuacha unafungua redio, na bado unafungua redio!" Akakohoa kidogo. "Mimi ndiyo sirudi tena. Wajua. Ningekuja mbio, lau ningesikia neno moja. Basi usinifume, mume wangu. Ukitaka kunipa kitu, nisalimie vizuri. Huku hakuna mtu wa kunisalimu kwa kituo."

Mbaruku akaizima redio. Kisha akavuta kinasa sauti karibu, akafuta macho, akabonyeza kitufe.

"Hujambo, mke wangu? Habari za huko? Za kuamka? Umelalaje? Habari za magoti, yale yaliyokuwa yakikuuma ukipiga magoti chini? Habari za kifua, mbona wakohoa? Wenzako bustanini hawajambo? Yule wa Lushoto alipoondoka, chumba kimekuwa kimya? Umepata wa kula naye? Habari za vumbi? Na ile huzuni, imepungua, au bado? Ukiwa nayo sema, usiniambie nzuri tu. Habari za mikono yako?"

Aliuliza taratibu, na baada ya kila swali alinyamaza kidogo, kama mtu anayempa mwenziwe nafasi ya kujibu. Taa nyekundu ikawaka. Dakika nne zilikuwa zimekwisha, na kifurushi kikaondoka.

"Shemeji," Kidawa akasema kwa sauti ya chini, "mbona hukumwambia habari hata moja?"

"Ndiyo kwanza nimemsalimu," alisema Mbaruku. "Ngoja anijibu."