Aliyelifungua Fundo la Kombo

Maiti ya Himyar bin Thuwaini iligunduliwa Jumatano asubuhi, mwezi wa Machi mwaka 1954, na wachota chumvi waliokuwa wakivuka jangwa la kusini ya Tongoni. Wa kwanza wao aliona kofia juu ya weupe, akadhani upepo umempokonya mtu. Alipokaribia akaona vidole. Ukoko wa chumvi ulikuwa umevunjika hapo, na chini yake palikuwa na shimo la zama za Wajerumani, limejaa tope zito. Walimtoa kwa kamba na mbao. Alikuwa mtoto wa pekee wa mwenye jangwa, kijana asiyewahi kumjibu mtu vibaya.

Koplo Mwinyijuma alifika na gari la polisi kutoka Tanga kabla ya adhuhuri. Bwana Inspekta alimchagua kwa kuwa ni mwenyeji wa Tongoni. Zaidi ya hapo hakujua, na Mwinyijuma hakumwambia. Hakumwambia kwamba Himyar ni nduguye wa kunyonya: Bi Harusi, mama yake Himyar, aliposhikwa na homa ya uzazi, aliyemnyonyesha mtoto alikuwa mama yake Mwinyijuma. Wala hakumwambia kwamba mama huyo alipofariki, mzee Thuwaini alimchukua yatima, akamsomesha, akamlisha sinia moja na mwanawe. Alikaza mkanda wake, akaingia kazini huku moyo ukimvuja damu.

Asiyelijua jangwa la chumvi hudanganyika nalo. Ni uwanja mpana nyuma ya mikoko, mweupe mpaka macho yanauma, na penye kubeba gari na penye kummeza mtu panafanana. Ndiyo maana palikuwa na Kombo. Kazi yake ilikuwa kulikagua. Alikwenda na fimbo ya mkandaa, akagonga ukoko, akasikiliza. Ukoko mzima hulia kama sahani. Ukoko ulioliwa chini kwa chini na maji ya bamvu, bahari inapojaa kupita kiasi, hunyamaza. Ukingoni hakujisumbua kugonga, maana chini ya ukingo ni mwamba, na penye mwamba ukoko mkavu hulia tu. Pakiwa pabaya, alifunga kuti bichi kwa fundo mlangoni pa njia, kama alivyofanya babu yake, ambaye ilisemekana alilisomea fundo hilo. Mtu wa Tongoni hakuthubutu kuligusa. Waliamini mikono ingemvimba mpaka ipasuke.

Asubuhi ile kuti lilikuwa chini, halina fundo.

"Kombo ndiye aliyeniulia mwanangu," alisema mzee Thuwaini alipomwona Mwinyijuma barazani. Hakulia. Alishika bakora yake kwa mikono miwili. "Hakufunga. Mvivu yule! Jangwa lilikuwa likilia kama sahani, basi akaridhika, asiende kugonga katikati."

"Wewe ulikuwa wapi, ami?"

"Hapa hapa. Nakunywa kahawa. Mvua imekwisha kuninyeshea uwanja, ndipo nasikia kelele za watu."

"Na Himyar alitoka saa ngapi?"

"Sikumwona akitoka."

Inspekta alimkamata Kombo siku ile ile. Mambo yalikuwa mepesi mno kwake: kazi ya mtu ni kufunga, hakufunga, mtu amekufa. Alisema atamfikisha mahakamani kwa kosa la kuua, na Kombo ana mke na watoto wadogo.

Mwinyijuma alimhoji mahabusu, Tanga.

"Ulifunga?"

"Nimefunga jana jioni, Mwinyi. Pale kwenye mashimo ya Wajerumani nimegonga, kimya. Nimegonga tena, kimya. Nikafunga, nikaenda zangu."

"Nani alikuona?"

"Nani huja kumtazama mtu akifunga kuti?"

"Wasema kweli?"

"Yakhe, mie nimdanganye nani? Himyar alikuwa akija kuniuliza ukoko wasema nini leo. Peke yake katika watu wote wa nyumba ile." Kombo akageukia ukuta. "Nilimfundisha kusikiliza. Huyo hakupita pale kwa ujinga. Kuna kilichompitisha."

Mwinyijuma alilichukua lile kuti, akalitazama juani. Majani yake yalikuwa na mikunjo, imekatika nyuzi pale fundo lilipobana. Basi lilifungwa kweli, tena likafunguliwa kwa utulivu, jani baada ya jani, bila kisu. Swali likawa moja tu. Nani katika Tongoni ana mikono ya kufanya vile?

Jibu la kwanza lilikuja lenyewe. Nyapara wa wachota chumvi aliitwa Safari, mtu wa bara, na kila mtu alijua analicheka fundo. Isitoshe, wiki iliyopita alirushiana maneno na Himyar mbele ya watu.

"Nililicheka, ndiyo," alisema Safari. "Kwetu hakuna mambo ya kuogopa majani. Lakini Kombo akisema hapapitiki, mimi sipiti. Kuti siliogopi, shimo naliogopa."

"Ulikuwa wapi alfajiri?"

"Usagara, upande wa Tanga mjini, kwa dada yangu Praxeda. Tulilaza lori uani kwake. Tumefika huku wenzangu wakiwa wamekwisha kupiga kelele. Manyunyu yalikuwa yameloanisha kila kitu. Nilipokanyaga ukingo haukulia hata kidogo, ulikuwa kama uji."

Praxeda alithibitisha, na jirani zake pia, kwa hasira, maana lori lile liliwaamsha wote. Mwinyijuma alirudi Tongoni akiwa hana mtu. Au ndivyo alivyojaribu kujiambia. Maneno ya Safari yalikwisha kumkaa kifuani, na hakutaka kuyatazama.

Jioni alikwenda kwa Bi Mwanamkasi, mjane aokotaye kuni mikokoni.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Nilijua utakuja." Akavuta kanga usoni. "Nilimsikia."

"Nani?"

"Sauti. Kabla ya jua, kabla ya yale manyunyu. Imeita mara moja, nami nikasimama na mzigo wangu. Wajua tulivyolelewa: ukiitwa mikokoni alfajiri, usiitike, si mtu huyo. Nikasoma Kulhuwallahu, nikaenda zangu. Ole wangu, Mwinyijuma! Alikuwa mtoto wa Harusi, mie nikamfanya shetani."

Mwinyijuma alimwacha alie, naye macho yake yalikuwa yamejaa. Kisha akauliza, maana kazi ni kazi:

"Iliita nini, bibi?"

"Iliita 'Baba!'"

Alirudi kwa miguu, polepole, kama mtu asiyetaka kufika. Mtu akifikwa huita mama. Watu wote wa pwani hii huita mama, hata wazee wenye mvi ambao mama zao walikwisha kuoza kaburini. Humwiti baba kwa sauti, isipokuwa awe pale, unamwona.

Siku ya tatu, hitima ilipokwisha na watu kutawanyika, Mwinyijuma alibaki sebuleni na mzee Thuwaini. Bi Harusi alikuwa chumbani, nyuma ya pazia, na wanawake wawili. Mwinyijuma alivua kofia yake ya polisi, akaiweka mkekani.

"Ami, nataka kukuuliza jambo, na nakuomba usinijibu kama mwanao. Nijibu kama koplo."

"Uliza."

"Uliniambia jangwa lilikuwa likilia asubuhi ile. Nani alikwambia?"

"Limelia. Watu wamelisikia."

"Hapana, ami. Watu walifika baada ya manyunyu. Ukingo ulikuwa umeloa, kimya. Aliyelisikia likilia alisimama pale kabla ya mvua."

Bakora ikamteleza mzee, akaishika.

"Na fundo halikukatwa," Mwinyijuma aliendelea. "Limefunguliwa. Safari alikuwa Usagara. Hapa Tongoni aliyekuwa akisema wazi kwamba fundo lile ni shirki, tena akisema msikitini, ni mmoja."

"Ni shirki!" Thuwaini alisema kwa ghafla, na kwa mara ya kwanza uso wake ukawa hai. "Chungu ya chumvi iko ng'ambo, masika yanabisha hodi, na watu wazima, Waislamu, wamekaa chini kwa sababu ya kuti! Niliwaambia nini? Niliwaambia hakuna mwenye kudhuru ila Mungu. Nikaenda na bakora yangu, nikagonga, likalia. Likalia vizuri, Mwinyijuma, wallahi likalia."

"Uligonga wapi?"

"Mlangoni pa njia."

"Pale chini ni mwamba, ami."

Mwinyijuma angeweza kuishia hapo. Maisha yake yote baadaye alijiuliza kwa nini hakuishia. Lakini Kombo alikuwa amelala juu ya saruji kwa siku tatu.

"Na Himyar?"

"Nilimwambia atangulie." Thuwaini alisema kwa sauti ndogo. "Nilitaka wachota chumvi wakija wamkute ng'ambo, amesimama, mzima, waone kuti ni kuti tu. Akaniambia, Baba, Kombo amefunga. Nikamwambia, wamwogopa Kombo kuliko Mola wako? Akavua viatu akaingia. Mtoto hakuwa na ubishi. Nikageuka, nikashika njia ya nyumbani."

"Aliita."

"Niliisikia." Machozi yalianza kumtoka bila sauti, yakipita ndevuni. "Nilidhani ataka ruhusa ya kurudi. Nikasema, nikigeuka nitamfanya mwoga. Sikugeuka, Mwinyijuma. Nilikwenda nikanywa kahawa."

Pazia likafunuliwa. Bi Harusi alitoka akiwa amejifunika, akasimama mbele ya mumewe.

"Aliniaga," alisema. "Aliniambia, Mama, Baba ananituma jangwani. Siku tatu nakungoja utamke mwenyewe. Nakutilia kahawa, nakungoja. Leo usingesema, kesho ningekwenda Tanga kwa miguu yangu nikamtoe Kombo."

"Harusi, ningesemaje mbele yako?"

"Kama hivi ulivyosema." Sauti yake haikupanda. "Ungesema siku ile tungelia pamoja. Umeniacha nalia peke yangu, na mtu wa watu umemtia ndani." Akamgeukia Mwinyijuma. "Mchukue, mwanangu. Ila usimfunge mikono mpaka mtoke kijijini."

Hakumfunga kabisa.

Kituoni Inspekta alisikiliza habari, akaamuru Kombo aachiliwe, nao wakakutana naye mlangoni, anatoka, viatu mkononi. Mwinyijuma alijiweka kati yao, akichelea ngumi, na ingekuwa halali yake Kombo. Lakini Kombo alimpita, akamshika yule mzee mkono kwa mikono yake miwili.

"Makiwa, mzee."

Watu wote huitika salamu hiyo ya msiba kwa neno moja, tunayo, na Thuwaini alikuwa ameliitika siku tatu mfululizo kwa mamia ya watu. Sasa likamshinda. Alitikisa kichwa, akatikisa tena, mpaka Kombo mwenyewe akasema, "Basi, mzee, basi," akaenda zake.

Inspekta aliamuru maelezo yachukuliwe na koplo aliyemleta. Mwinyijuma alikaa upande wake wa meza. Aliuliza kama anavyoulizwa kila mtu.

"Jina?"

"Thuwaini bin Nasor."

"Kazi?"

"Mfanyabiashara wa chumvi. Nilikuwa."

"Una mke?"

"Ninaye. Kama bado atanitaka."

"Watoto?"

Kalamu ilisimama. Mwinyijuma hakuinua macho. Alitamani swali lile lirudi kooni, lakini lilikwisha kutoka, na mzee alikuwa akilifikiria kwa makini, kama mtu aliyeulizwa jambo gumu ambalo ni lazima alijibu kwa haki.

"Mmoja," alisema Thuwaini. "Ndiye huyu anayeandika."

Mwinyijuma aliandika mmoja, akamuuliza swali lililofuata.